Mtambo wa Kuzoa Tope Ukae Bura

Pampu ilipokwama, mradi mzima wa unyunyizaji wa Bura, katika kaunti ya Tana River, ulijua kabla ya jua kutua. Simu zilipigwa Hola na Nairobi, mbunge aliulizwa yuko wapi, na fundi alitafutwa usiku huo huo. Mfereji ukijaa tope, hakuna anayepigiwa simu. Maji yanapungua kidogo msimu huu, yanapungua tena msimu ujao. Mkulima aliye mwisho wa mtaro anaanza kumwagilia usiku wenzake wakiwa wamelala, kisha anaacha nusu ekari bila kupanda, na baada ya miaka michache mti wa mathenge umeshika pale palipokuwa na mahindi. Hasara ya namna hii haina tarehe, na kwa hivyo haina bajeti. Usafishaji wa mifereji umeachwa uwe kazi ya dharura, inayongoja mtambo mkubwa uletwe kutoka mbali wakati mambo yameshaharibika. Ninachopendekeza ni kinyume chake: watumiaji wa maji wapewe mtambo mdogo wa kuzoa tope ukae nao pale pale, wapewe fedha za kuuendesha, na wawe na kipimo cha kujua kama kazi imefanyika kweli.

Bura haikuanza kusahau ukarabati jana. Mradi wa unyunyizaji na makazi ulibuniwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za wafadhili wengine, ukilenga kulima pamba kwenye takriban hekta 6,700 na kupatia makazi familia zaidi ya 5,000. Wakulima wa kwanza waliwasili mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka pembe nyingi za Kenya, wakagawiwa shamba la hekta moja na robo hivi kila familia, wakakaa katika vijiji vilivyopewa namba. Gharama zikapanda, lengo likashushwa hadi karibu hekta 2,500 na familia elfu mbili na kitu. Katika mipango ya awali, maji yalikuwa yashuke yenyewe kutoka kwenye banio mtoni. Badala yake yakavutwa kwa pampu za dizeli pale Nanigi, kwenye kituo kilichoitwa cha muda, na kituo hicho cha muda kikaishi muda mrefu kuliko pamba yenyewe. Katika miaka ya 1990 pampu zilisimama, mashamba yakakauka, familia nyingi zikafunga virago. Mradi ulifufuliwa miaka ya 2000, ukageukia mahindi ya mbegu na mazao mengine, kisha serikali ikaanza kujenga mfereji wa kilomita zipatazo 26 kutoka Korakora, kwa mikopo ikiwemo ya Mfuko wa Kuwait na ya Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika, ili maji yafike bila pampu.

Mfereji huo ulipokelewa kwa furaha, na sioni kosa katika furaha hiyo. Dizeli ndiyo iliyokuwa ikiwanyonga wakulima. Lakini maji yanayojishukia yenyewe huja na tope lao, na bili ya tope haitumwi mwisho wa mwezi. Pampu ilikuwa na adabu moja: ilidai malipo kila siku kwa mlio wake, na kila mtu alisikia. Mteremko wa ardhi hauna mlio. Tunachoepuka kulipa kwa dizeli tutakilipa kwa kuzoa, na tusipojipanga mapema tutalipa kwa mashamba.

Tazama jinsi mfereji unavyoziba. Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, hubeba udongo wa miteremko ya Aberdare na Mlima Kenya. Mabwawa ya Seven Forks, likiwemo Masinga lililokamilika 1981, hushika sehemu ya udongo huo, ila chini yake mto huokota mwingine kwenye kingo zake, na wakati wa gharika kama zile za mwishoni mwa 2023 na za Aprili na Mei 2024 maji huwa mazito kama uji wa wimbi. Udongo huelea maji yakiwa na mbio. Yakiingia mferejini, ambako mteremko ni mdogo, mbio hupungua na udongo hutua: mchanga unabaki karibu na lango, tope laini linasafiri mbele hadi kwenye mitaro ya shambani. Matete huota juu ya tope hilo. Matete yakiota, maji yanazidi kwenda pole, na yakizidi kwenda pole tope linazidi kutua. Kwa hivyo uchafu wa mfereji hauongezeki kwa kiwango kile kile kila mwezi, unajizalia wenyewe. Mfereji ulioachwa mwaka mzima hauhitaji kazi mara mbili ya ule ulioachwa nusu mwaka, unahitaji zaidi ya hapo, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kupendelea mkono mdogo unaofika mara kwa mara kuliko mkono mkubwa unaofika mara moja.

Juu ya hayo kuna mathenge. Mti huu uliletwa Bura katika miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa: eneo hupata mvua ya takriban milimita 400 tu kwa mwaka, familia zilizohamishiwa huko zilihitaji kuni na kivuli, na misitu ya kando ya mto ilikuwa hatarini kumalizwa. Mathenge ikastahimili kila kitu. Ng'ombe na mbuzi hula maganda yake matamu, mbegu hupita tumboni bila kuvunjika, na hutoka ndani ya samadi zikiwa tayari kuota. Mahali pazuri kuliko pote pa kuota ni udongo mbichi wenye unyevu ulio wazi juani, yaani tuta la mfereji uliozolewa juzi. Mizizi hupasua tuta, maji hupenya, tuta hukatika. Ukifyeka shina kwa panga linachipua matawi mengi kuliko ya awali, kwa sababu machipukizi hutoka chini kidogo ya uso wa udongo. Sharti uchimbe na kukata chini ya shingo ya mzizi, mti ukiwa bado mche. Mche wa miezi mitatu unang'olewa na mtoto. Wa miaka mitatu unataka mashine, na miiba yake hutoboa tairi la trekta.

Sasa fikiria jinsi kazi ya dharura inavyofanywa. Mkandarasi analeta ekskaveta kubwa kwa lori, anapewa siku zake, analipwa kwa saa au kwa ujazo wa udongo uliotolewa. Mtu anayelipwa kwa ujazo atachimba palipo rahisi kuchimba, na atachimba sana. Ndoo yenye meno inapita tope na kula sakafu ya mfereji yenyewe. Mfereji unakuwa mpana na wenye kina, unapendeza kwenye picha, na mheshimiwa anaweza hata kupanda juu ya mtambo apungie watu mkono. Maji yakifunguliwa, yanakaa chini ya kizingiti cha lango la mtaro na hayaingii shambani, kwa sababu sakafu imeshushwa kuliko ilivyosanifiwa. Wakulima wanaziba mfereji kwa magunia ya mchanga ili maji yapande, na nyuma ya magunia hayo tope jipya linaanza kutua wiki hiyo hiyo. Upana uliozidi nao unapunguza mbio za maji. Udongo wa chini wa Bura una chumvi katika sehemu nyingi, na ukichimbuliwa na kumwagwa juu ya tuta huvunjika upesi kwa mvua. Tope lililotupwa ukingoni bila kusawazishwa linarudi lilikotoka mvua ya kwanza ikinyesha. Haya yote yanaweza kutokea bila mtu yeyote kuiba hata shilingi, na ndiyo maana sipendi kila kushindwa kwa mradi kuelezwa kwa neno ufisadi. Hapa mkataba wenyewe unalipa kitu kisichotakiwa: unanunua udongo uliotoka, wakati mkulima anataka maji yaliyofika.

Wenye majumba yenye mabwawa ya kuogelea huko Nyali, Diani na Watamu wana tatizo hili hili kwa kipimo kidogo, na namna baadhi yao walivyolitatua inastahili kuangaliwa hata na sisi ambao bwawa la nyumbani ni kitu cha kusikia tu. Zamani bwawa lilisubiri mtu wa kampuni aje na wavu na brashi ya mpini mrefu. Siku hizi mwenye nyumba ananunua roboti ndogo, kama kasa mwenye magurudumu, anaitumbukiza majini. Inatambaa sakafuni na kupanda kuta, inasugua kwa brashi zake, inafyonza mchanga na majani hadi kwenye kikapu kilicho tumboni mwake, na baada ya saa mbili au tatu anaitoa na kusuuza kikapu kwa mpira wa maji. Nguvu yake si kubwa. Inachoshinda nacho ni kwamba inakaa nyumbani, kwa hivyo inafanya kazi kabla tope halijashikana. Lakini haimwondolei mwenye nyumba wajibu. Haijui kama klorini imeshuka chini ya miligramu moja kwa lita, wala kama kipimo cha pH kimetoka kati ya 7.2 na 7.8. Mwenye nyumba akiacha kupima, maji yatageuka kijani huku roboti ikiendelea kutambaa kwa bidii. Na kikapu kisiposuuzwa, inazungusha tu uchafu ule ule. Mashine hubeba jasho, haibebi uangalizi.

Kwa Bura, mtambo unaolingana na hayo ni ekskaveta ndogo yenye mkono mrefu na ndoo pana isiyo na meno, ile inayokwangua tope na kuacha sakafu, au mkono wa kuchimbia unaofungwa nyuma ya trekta, pamoja na kifaa cha kukata matete. Ukae kwenye mradi mwaka mzima na uwe na dereva wa hapo hapo. Mlango wa mtoni na mfereji mkuu vibaki kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji, kwa kuwa hakuna kijiji kinachoweza kubeba mzigo wa banio la Tana. Mifereji ya kati na mitaro iwe ya chama cha watumiaji maji, ambacho Sheria ya Unyunyizaji ya 2019 inakitambua. Mitaro midogo ya ndani ya shamba itaendelea kusafishwa kwa jembe na sepetu kama ilivyo. Mashine ikiingia humo itaharibu. Kipimo nacho si cha kitaalamu sana: fito zilizotiwa alama za sentimita kwenye kila lango, na vigingi vya saruji vinavyoonyesha sakafu ya mfereji ilipaswa kuwa wapi. Kazi ihesabiwe imekamilika pale maji yanapofika alama iliyokubaliwa kwenye lango la mwisho, lile la mkulima ambaye kwa kawaida haitwi mkutanoni.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuitua serikali mzigo na kumtwika maskini. Hoja hii ina uzito zaidi katika kaunti ya Tana River kuliko kwingineko. Kusini mwa Bura, kwenye kambi ya Hola, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959 kwa sababu ya kukataa kazi ya kulazimishwa kwenye mradi wa unyunyizaji wa wakati huo, na taarifa ya kwanza ya wakoloni ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Nchi yenye kumbukumbu hiyo haina haki ya kumwambia mtu achimbe mfereji bure eti kwa ajili ya maendeleo. Kwa hivyo simaanishi kazi za lazima za kila Jumamosi, ambazo aghalabu huishia mabegani mwa wanawake na vijana wasio na mashamba, wakisimama kwenye maji yenye konokono wa kichocho. Ninamaanisha kazi ya mshahara, inayolipwa kutoka sehemu ya ada ya maji iliyotengwa kwa akaunti yake, na sehemu kubwa ya jasho ikibebwa na mashine. Serikali inunue mtambo wa kwanza. Ilijenga mifereji, ikaacha iharibike, na deni hilo ni lake.

Pingamizi gumu zaidi ni lile la fedha na uaminifu. Vyama vya wakulima vina historia mbaya ya viongozi wanaogeuza akaunti kuwa mfuko wao wa suruali, na mtambo wa chama unaweza kuonekana ukichimba msingi wa nyumba ya mwenyekiti. Mwea inatupa ushahidi wa pande zote mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa mpunga waliichoka Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji iliyokuwa ikiwaamulia kila kitu tangu miaka ya 1960, wakaifukuza na kuendesha mradi kupitia ushirika wao. Walipata uhuru wa kuuza mpunga wao, na hilo halikuwa jambo dogo. Ila ugawaji wa maji na usafi wa mifereji mikubwa uliyumba, na mwaka 2003 bodi ilirudi, safari hii kwa mgawanyo: yenyewe ishughulikie mifereji mikuu, wakulima kupitia chama chao cha maji washughulikie ile ya chini na kulipa ada ya uendeshaji. Mgawanyo huo umedumu. Tafsiri yangu ni kwamba wakulima hawakushindwa kwa kukosa uwezo. Walishindwa pale walipobeba mfereji mkuu bila mitambo na bila fedha za kudumu. Walipobaki na sehemu wanayoiona kila siku kwa macho yao, mambo yalikwenda.

Wizi nao hupungua kadiri hesabu inavyokaribia macho ya watu. Mkataba wa Nairobi wa kuzoa kilomita kadhaa hakuna mkulima wa Bura anayeusoma. Saa za mtambo zilizoandikwa kwenye daftari la chama, pamoja na lita za dizeli na lango ambalo kazi ilifanyika, kila mtu anaweza kuzilinganisha na alichokiona akienda shambani. Zibandikwe ukutani katika kila kijiji. Watu watabishana, na ubishi huo una thamani kuliko ukaguzi unaokuja baada ya miaka mitatu. Mtambo ukikaa bila kazi, chama kiukodishe kwa kuchimba silanga za mifugo na kusafisha zilizojaa, kazi ambayo haikosekani Tana River, mapato yaingie kwenye akaunti ya vipuri. Vipuri ndivyo huua mashine za umma: mtungi wa haidroli unavuja, mpira wa shilingi elfu chache unasubiri zabuni, na mtambo wa mamilioni unaota nyasi chini ya mti.

Kuna jambo moja ambalo mashine haitalitatua, na tukiliacha tutazoa tope milele. Kwa Waorma na wafugaji wengine, njia za kushukia mtoni, malka, zilikuwepo kabla ya mradi wowote. Mashamba na mifereji vilipokatiza njia hizo, ng'ombe hawakuacha kuwa na kiu. Walikunywa palipo karibu, yaani mferejini. Kundi la mamia likishuka kwenye tuta la udongo, kwato zinalisaga na tuta linaporomokea majini, na samadi inaacha mbegu za mathenge hapo hapo. Mkulima anaita huo uharibifu, mfugaji anaita huko kufungiwa mto wake, na kila mmoja ana ushahidi. Umwagaji damu wa 2012 katika delta ya Tana ulionyesha hasira za namna hii zinaweza kufika wapi. Kuweka ua na walinzi kumejaribiwa kwingi, na ua wa miiba haumzuii ng'ombe aliyetembea siku mbili bila maji. Kinachofaa ni kujenga mabirika ya saruji kando ya mfereji, kila baada ya umbali fulani, maji yakiingia kwa bomba ili mfugo usikanyage tuta, na kuyaweka palepale malka za zamani zilipopita.

Mabirika hayo yatakula maji ambayo mkulima anayahesabu kuwa yake, na wengine watakataa kwa sababu hiyo. Wapige hesabu tena: ng'ombe mmoja hunywa makumi ya lita kwa siku, ilhali tuta likikatika hata kwa saa chache hupotea maji ambayo yangenywesha makundi mengi. Mfugaji akilipa ada ndogo ya birika, anakuwa mtumiaji wa maji kama wengine, na chama kinachotunza mfereji hakina sababu ya kumwacha nje. Apewe kiti kwenye kamati na kura yake, na daftari la mtambo likisomwa aulizwe naye kama siku za wiki iliyopita zilitumika vizuri.